Kupumzika Bila Kuumwa

Kunigunda Kapinga alistaafu Desemba, akakaa nyumbani Krismasi na masika karibu yote, na baada ya Pasaka akamwambia mumewe kwamba anakwenda kukaa ziwani. Protasi alikuwa anachonga mpini wa jembe. Akauliza anakwenda kwa nani. Kunigunda akasema si kwa mtu, amepanga chumba Mbamba Bay. Akauliza ni kwa muda gani. Akajibiwa kwamba muda haujulikani. Protasi akaendelea na mpini wake, akitegemea maneno hayo yangefuatwa na mengine ya kuyaeleza. Hayakufuata.

Nyumba yao iko milimani, upande wa juu wa Mbinga, mahali ambapo ukungu hukaa bondeni mpaka watoto wameshafika shuleni. Protasi alikuwa na shamba la kahawa alilorithi na jingine alilonunua. Kunigunda alikuwa amefanya kazi maisha yake yote katika maabara ya hospitali moja ya misheni, mwendo mfupi kutoka nyumbani. Huko Umatengo mwanamke wa makamo husafiri kwa sababu ya msiba, ya uzazi, ya arusi au ya ugonjwa. Safari ya Kunigunda haikuwa mojawapo ya hizo, kwa hiyo haikuwa na jina. Hakuna aliyeweza kusema ametupa shamba, kwa kuwa ngolo zake, yale mashimo ya kupandia ya Wamatengo, alikuwa amezilima mapema na maharage yalikuwa yameshachanua. Alifunga nguo zake kwenye begi moja, akachukua redio ndogo na chandarua, akapanda basi dogo asubuhi.

Chumba kilikuwa cha Herieth, mjane wa Kianglikana aliyekuwa akipandisha dagaa kuuza soko la Mbinga siku za nyuma, kabla miguu haijaanza kumsumbua. Kunigunda alikuwa mteja wake. Walijuana kwa namna watu wanavyojuana sokoni: kila mmoja alijua jina la mtoto wa kwanza wa mwenzake, na si zaidi. Herieth alikuwa Mama Cleopa, Kunigunda alikuwa Mama Tobias. Mmoja alizungumza Kinyasa kwake na mwingine Kimatengo, hivyo walikutana kwenye Kiswahili, na Kiswahili cha watu wawili wasiozaliwa nacho kina faida yake, maana kila mtu hufikiri kidogo kabla ya kusema.

Chumba kilikuwa na kitanda, meza na dirisha linalotazama maji. Kunigunda aliamka alipoamka. Alikunywa chai barazani, akatazama mitumbwi ikirudi na wanawake wakianika usipa, dagaa wa ziwa hilo, kwenye vichanja. Jua lilipopanda alihamia upande wa pili wa nyumba, na liliposhuka akarudi alikotoka. Hakufanya zaidi ya hayo, na kwa wiki kadhaa alikuwa akijichunguza kama anaona aibu. Hakuiona. Macho yake, yaliyokuwa yameinamia hadubini miaka mingi, yalichukua muda kuzoea kutazama mbali. Mwanzoni yalimuuma akitafuta mstari wa milima ya Malawi ng'ambo. Baadaye akawa anauona hata siku za vumbi.

Kulikuwa na siku wingu jeusi liliinuka kutoka majini kama moshi wa shamba linalochomwa, likasogea polepole kuelekea nchi kavu. Herieth alisema ni kungu, wadudu wadogo wa ziwani, na kwamba wazee waliwakamata kwa vikapu wakawafanya mikate. Alipoulizwa kama yeye huila, alisema huila akipewa. Wakafunga madirisha, wadudu wakapita, wakafungua.

Kuoga ziwani lilikuwa jambo jingine. Kunigunda alijua kichocho. Alikuwa amehesabu mayai yake kwenye mikojo ya watu wa mwambao waliopelekwa juu kutibiwa. Mwezi wa kwanza aliogea ndoo. Kisha adhuhuri moja ya joto alishuka pale penye mawe makubwa, akaingia na kanga yake mpaka kifuani, akasimama. Maji yalikuwa ya uvuguvugu juu na baridi miguuni. Alijua vizuri kilichoweza kuwamo. Akaamua kwamba atameza dawa mwaka ukiisha, na tangu siku hiyo akawa anaoga kila adhuhuri.

Watu wa mtaani walimuuliza anafanya nini pale. Alisema anapumzika. Jibu hilo liliwatosha zaidi kuliko lilivyowatosha watu wa milimani, kwa sababu Mbamba Bay imezoea wageni wa serikali na wa meli wanaokaa kisha wakaondoka. Jumapili alikwenda misa, akakaa kiti cha nyuma, akatoka wimbo wa mwisho ukiimbwa. Hakujiunga na jumuiya yoyote ya sala. Hakumwambia mtu alikuwa na kazi gani.

Mwishoni mwa Mei alikuja Walburga, dada mkubwa wa Protasi. Aliteremka kwenye basi na gunia dogo la unga wa mahindi, kwa kuwa aliamini ugali wa muhogo hauwezi kumweka mtu. Kunigunda akamwamkia shikamoo, akampokea gunia, akamtengea maji ya kuoga. Walburga alikagua chumba, akakagua kitanda, akatazama chini ya kitanda bila kujificha. Alimhoji Herieth pembeni kuhusu wageni wanaokuja. Herieth alimwambia kwamba mgeni wa kwanza ni yeye.

Jioni wakakaa barazani, na Walburga akasema alichotumwa. Kule juu watu wanauliza. Wengine wanasema Protasi amempiga, wengine wanasema amepata mwanamke, na wapo wanaosema ni Kunigunda aliyempata mtu. Protasi amekonda. Ukoo umekaa kikao.

"Nikuulize kitu kimoja, wifi," alisema. "Umeudhiwa?"

"Hapana."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

Walburga hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezoea kumaliza mambo, na jambo hili halikuwa na mahali pa kulishikia.

"Basi sema unaumwa," alisema. "Kifua, kwa mfano. Baridi ya kwetu kila mtu anaijua. Ukisema kifua, hakuna atakayeuliza tena, na wewe utakaa hapa hata mpaka Noeli."

Kunigunda alisema hawezi. Alisema kazi yake ilikuwa kuandika kile alichokiona kwenye kioo cha hadubini, na alipokuwa hakuona kitu aliandika kwamba hakuona. Sasa hivi hajaona ugonjwa kwake. Walburga akasema hii si hospitali. Kunigunda akakubali kwamba si hospitali. Wakala samaki. Kesho yake Walburga akapanda basi la kwanza, na alipofika juu akafanya kama alivyoona inafaa.

Protasi alikuja mwenyewe katikati ya Juni, kahawa ikiwa imeanza kuiva. Alimwachia Tobias, mtoto wao mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mbinga mjini, kazi ya kusimamia wachumaji. Alibeba maharage, rozari mpya na kuku jike aliyefungwa miguu. Kunigunda alivipokea, akauliza ni vya nani.

"Vya mgonjwa," Protasi alisema. "Jumuiya wamemletea."

"Mgonjwa yupi?"

Protasi akavua kofia. Habari ikatoka kidogo kidogo. Dada yake alikuwa amewaambia watu kwamba Kunigunda ana kifua, kwamba baridi ingemmaliza, na kwamba madaktari ndio waliomshauri ziwa. Protasi aliulizwa, akasema ndiyo. Alisema ndiyo mara ya kwanza kwa sababu alikuwa amechoka, na mara zilizofuata kwa sababu alishasema ya kwanza. Wanajumuiya walikuwa wanasali kwa ajili yake kila Alhamisi. Mwenyekiti wao alitaja jina lake kwenye misa.

Kunigunda hakugomba. Alimfungua kuku miguu, akamwachia uani kwa Herieth, akasema huyo hawezi kuchinjwa, kwa kuwa aliyeletewa hayupo.

Protasi alikusudia kukaa mpaka Jumapili. Jumapili ikapita. Upepo wa mwera ulikuwa umeanza, ziwa likachafuka, mitumbwi ikabaki mchangani siku nzima na wanaume wakakaa wakishona nyavu. Protasi hakujua kukaa. Alitengeneza mlango wa banda la Herieth, akatengeneza kitasa, akatafuta kingine cha kutengeneza, akakosa. Siku moja akakaa karibu na mkewe barazani na mikono yake mapajani, kama mtu aliye kwenye chumba cha kusubiri. Siku iliyofuata akakaa tena. Aliuliza jina la samaki huyu na yule, na Herieth akamtajia: mbasa, mbelele, mbufu. Usiku alikataa chandarua. Alisema milimani mtu hafungwi ndani ya wavu kama samaki, na kwamba anakosa pumzi. Kunigunda alimwonya mara moja, na hakurudia.

Wiki ya pili ikikaribia mwisho, aliamka akitetemeka. Herieth alileta blanketi, kisha la pili. Mchana homa ikapanda, na Protasi akaanza kuwataja wachumaji wa kahawa kwa majina na kuwaambia wasichume mbichi. Wakamkodia pikipiki, Kunigunda akakaa nyuma akimshikilia, wakaenda kwenye kituo cha afya.

Foleni ilikuwa ndefu. Aliyekuwa zamu maabara ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, jina lake Violet. Alitoka kuita mgonjwa anayefuata, akamwona Kunigunda, akasimama. Alikuwa amefanya mafunzo yake ya vitendo kule hospitali ya misheni, chini ya mkono wake.

"Shikamoo, mama," alisema, na uso ukamfunguka. "Kumbe uko huku. Karibu ndani. Mpime baba mwenyewe, mimi nitakusaidia."

Watu wa kwenye benchi wakageuka. Kunigunda alimwitikia, akamuuliza habari za kazi. Kisha akasema, "Mpime wewe, mwanangu. Mimi nitasubiri hapa nje."

Violet alidhani ni adabu za kustaafu, akasisitiza kidogo, halafu akaacha. Akamwingiza Protasi, akamtoboa kidole, akamrudisha kwenye benchi na pamba. Protasi alikaa. Homa ilikuwa imepungua kiasi cha kumrudishia akili, na akili ilirudi na jambo moja.

"Hata leo," alisema.

"Hata leo nini?"

"Hata leo hutaki kugusa damu yangu."

Kunigunda akamtazama. Protasi alisema bila kupandisha sauti, kama mtu anayesimulia mpaka wa shamba. Tobias alikuwa bado ananyonya. Yeye Protasi aliugua, akabebwa kwa machela mpaka hospitali. Kunigunda alikuwa zamu. Alipomwona tu mlangoni, alivua glavu, akamtuma mtu akamwite Ignatio, mwenzake, aliyekuwa mapumziko nyumbani, na yeye akatoka nje mpaka yote yalipokwisha. Walburga alikuwepo. Aliona. Ukoo mzima ulijua kwamba mke msomi anaona kinyaa damu ya mumewe. Protasi aliwaambia waache maneno hayo, wakaacha, lakini yeye mwenyewe hakuacha kuyafikiri.

"Miaka yote hiyo," Kunigunda alisema.

"Miaka yote."

Mbele yao mama mmoja alikuwa anapita akimbembeleza mtoto. Kunigunda alisubiri apite.

"Baba Tobias, tukitoka misa pale kwetu, unaona nini uwanjani?"

"Watu."

"Mimi naona majibu. Huyu nilimkuta na hiki. Yule mtoto wake damu yake haiwezi kutoka kwa baba anayemlea. Yule mwingine aliambiwa arudi, hakurudi, na ninajua kwa nini anakohoa. Namwamkia, ananiamkia, na yeye anajua kwamba ninajua. Wapo waliokuwa wananiona kwa mbali wanakata njia, wanapita shambani. Hilo ndilo lililonichosha nikaja kupumzika huku. Hapa wanapita watu ufukweni, siwajui ndani. Ni nyuso tu."

Protasi alikuwa ameshika pamba ileile, imekauka.

"Na mimi?"

"Wewe sikujui. Nilitaka jioni niwe na mtu mmoja wa kurudi kwake ambaye sijamwona kwenye kioo. Ndiyo maana nilimwita Ignatio."

Mlango wa maabara ulifunguka na kufungwa, likaitwa jina la mtu mwingine.

"Ungeniambia," alisema Protasi.

"Ningekuambia vipi ya kwangu bila kukuambia ya watu?"

Violet alipotoka na karatasi, aliinyoosha kwa Kunigunda kama mtu anayemkabidhi mkubwa wake. Protasi ndiye aliyenyoosha mkono. Akaipokea, akaikunja bila kuisoma, akaitia mfuko wa shati, akainuka kwa kushikilia ukuta, akaenda peke yake chumba cha daktari.

Ilikuwa malaria, na ilikuwa nyingi. Alipewa dawa, akalala chini ya chandarua bila kusemeshwa. Herieth alimpikia uji wa muhogo asubuhi na jioni. Siku ya tatu Kunigunda alimkamata yule kuku, akasema sasa mgonjwa amepatikana, akamchinja, akatengeneza mchuzi.

Protasi alikaa ziwani mwezi mzima akirudisha nguvu. Kahawa ilichumwa bila yeye. Tobias alipiga simu mara kwa mara kuuliza mambo, mwanzoni mengi, kisha machache, kisha akawa anapiga kusema kwamba kimefanyika. Jambo hilo lilimsumbua Protasi kwa muda, halafu likaacha. Alianza kutembea ufukweni na fimbo. Alizoeana na wazee wawili watatu walioshona nyavu, akakaa nao, ingawa walizungumza Kinyasa na yeye alikamata neno moja moja. Kunigunda alimwona kutoka barazani, akicheka alipowaona wao wanacheka.

Kuhusu jumuiya, Protasi alimpigia dada yake na kumwagiza awaambie watu ukweli: mkewe haumwi wala hakuwahi kuumwa, aliyeugua ni yeye. Walburga aliusikiliza ujumbe wote. Alhamisi iliyofuata akasimama mbele ya wanajumuiya, akaeleza kwamba kumbe mgonjwa tangu mwanzo alikuwa Protasi, kwamba alikuwa anaugulia ndani kwa ndani kama wanaume walivyo, na kwamba mkewe, kwa kuwa ni mtu wa hospitali, aliliona mapema akatangulia ziwani kumtafutia mahali. Kuhusu kifua, alisema alichanganya. Watu walipokea maelezo hayo kwa furaha. Yalikuwa na mwanzo na mwisho, na hayakumwacha mtu yeyote vibaya.

Walipopanda wote wawili mwezi Agosti, walipokelewa kwa nyimbo. Mwenyekiti wa jumuiya alimsifu Kunigunda kuwa mfano kwa wake wote. Kunigunda akasimama, akashukuru, akasema wazi kwamba hakumtangulia mgonjwa. Alikwenda kupumzika, akapumzika, na mumewe akaugua baadaye kwa kukataa chandarua. Wakapiga makofi. Mama mmoja aliyekaa mkekani alimwambia jirani yake kwamba huo ndio unyenyekevu. Kunigunda akakaa. Walburga, pembeni yake, alimpa kikombe cha togwa.

Wiki zile alizokaa milimani alianika kahawa pamoja na wengine na akavuna maharage yaliyobaki. Njiani alikutana na watu. Wa kwanza alikuwa Gaudiosa, mjane wa mtaa wa juu, na Kunigunda aligundua kwamba ameshamwamkia, ameshaona kwamba amesuka nywele na amebeba kikapu kipya, na wamekwisha kuagana kabla lile jingine, jibu lake la maabara, halijamjia. Akasimama barabarani akalifikiria. Mtu wa pili alikuja na jibu lake mbele, kama zamani, na wa tatu pia. Hakuhuzunika sana. Alikwenda akamaliza kuanika.

Mwezi wa Oktoba, joto lilipoanza kupanda hata huko milimani, alifunga tena begi. Protasi alikuwa na miche ya kahawa ya kuhamisha mvua zikinyesha, akasema atamfuata Noeli ikipita. Akambebea begi mpaka barabarani. Jirani aliyekuwa anapita aliuliza mama anakwenda wapi tena, na Protasi akasema anakwenda kukaa ziwani. Jirani akasubiri maneno mengine. Protasi alikuwa anatazama basi linavyokuja.

Herieth alikuwa ameweka kitasa kipya kwenye mlango wa chumba na kuhamisha meza karibu na dirisha. Aliuliza habari za watu wa juu, akaambiwa ni wazima. Aliuliza Mama Tobias atakaa mpaka lini, akaambiwa haijulikani, akasema basi vizuri, akarudi kugeuza usipa wake.

Jua likianza kushuka Protasi hupiga simu. Hana habari nyingi. Mvua imenyesha au haijanyesha, miche imeshika au haijashika. Akimaliza zake humuuliza mkewe anaona nini. Kunigunda humwambia kwamba anapita mwanamume mmoja mrefu na kasia begani, na nyuma yake wasichana wawili na ndoo, mmoja anamsimulia mwenzake kitu kwa mikono. Protasi huuliza ni kina nani. Kunigunda husema hawajui, na huendelea kumsimulia mpaka wamepita.